Shangazi, nilijitolea kufundisha Kiingereza, sasa natafuta mlango wa kutokea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Morogoro. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Des Moines, Iowa, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika makao yao. Mwezi Februari walitangaza kanisani kwamba wanatafutwa watu wa kujitolea kufundisha Kiingereza familia za wakimbizi. Nilinyoosha mkono kabla tangazo halijaisha. Nilijiambia, hawa wanaongea Kiswahili, mimi naongea Kiswahili, nani atawafaa kuliko mimi?

Nikapewa familia ya Wakongo, baba, mama na watoto watano. Wazazi walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, vita vilipofika Uvira. Mama alikuwa na miaka 12, mgongoni kambeba mdogo wake. Wakaishi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, mkoani Kigoma, wakakutana hukohuko, wakaoana, na watoto wote wamezaliwa hukohuko. Huku waliletwa 2023. Kijana wao mkubwa alikuwa ameshaoa, faili lake likatenganishwa na lao, na mpaka leo yuko kambini.

Tulipanga Jumamosi saa nne asubuhi, saa mbili za kusoma, basi. Nilipewa kitabu chenye picha na mafunzo ya jioni moja. Shangazi, huu ni mwezi wa saba, na nikikwambia mama ameshika nini utacheka. Anaandika jina lake. Anasema "good morning" hata jioni. Nikimuuliza kama ameelewa, anajibu "ndiyo mwalimu" kwa heshima zote, na Jumamosi inayofuata tunaanza upya. Simu ya Kigoma ikilia, na hulia kila Jumamosi katikati ya somo, anaacha kila kitu na kwenda nayo chumbani.

Mwezi Mei alikuwa na miadi ya kliniki saa tatu asubuhi. Binti yao wa miaka 13 ndiye aliyesoma barua, akamwambia mama "saa tatu". Mama akakaa anatazama namba za saa ya maikrowevu mpaka zikaandika 3, akavaa koti, akafika kliniki saa tisa alasiri. Akapangiwa mwezi mwingine. Na somo la saa nilikuwa nimelifundisha wiki tatu tu nyuma!

Baba ndiye anayeniumiza zaidi. Alihudhuria miezi miwili ya kwanza, na alikuwa anaelewa upesi kuliko wote. Anafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Siku hizi nikifika, au yuko chumbani amejifungia au ndiyo anatoka. Salamu ni ya mlangoni. Sijui nilimkosea nini. Mwanzoni tulikuwa tunataniana vizuri tu. Siku ya kwanza alinionyesha mkewe akasema, "Huyu njo bibi yangu," nikacheka mpaka machozi, nikamwambia kaka, huyu ni mke, bibi ni yule aliyemzaa mama yako. Watoto nao wakacheka. Kwa kweli nimekuwa nikiwarekebisha na Kiswahili chao pia, maana ukisikia "batoto beko ku masomo" sikio linauma, na nikaona nisiwaache hivyohivyo. Niliwaambia pia wajisikie nyumbani na mimi, kwa kuwa mimi ni Mtanzania na Tanzania ndiyo iliyowalea. Baba akanijibu, "Tanzania naijua mpaka ku geti." Nikadhani ni utani.

Lililonishinda hasa ni kwamba mimi si mwalimu tena. Nikiingia tu naletewa mfuko wa barua. Bima, shule, umeme, ile ya kulipa mkopo wa tiketi za ndege zilizowaleta. Napiga simu, nasubiri kwenye laini nusu saa. Nawapeleka kliniki siku yangu ya mapumziko. Mara mbili nimewakopesha pesa. Somo linabaki dakika ishirini, halafu mama anaandaa ugali na sombe, kisamvu chao, na siwezi kuondoka bila kula, kwa hiyo saa mbili zinakuwa tano. Mume wangu ameniuliza juzi kama nimehamia kule.

Na yule binti sasa ndiye mkuu wa nyumba. Kila kitu anatafsiri yeye. Juzi nilimsikia anamwambia mama yake, "Nyamaza, wewe hujui kitu."

Shangazi, je, mtu mzima kweli anaweza kujifunza, au nampotezea muda? Na nikitaka kuacha, naachaje bila kuonekana nimewatupa?

Mwalimu wa Jumamosi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako ni ndefu, na jibu la swali lako kubwa umelificha katikati ukalipitia mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Unasema hujui ulimkosea nini baba wa watu. Umeniandikia mwenyewe. Ulimcheka mbele ya mkewe na wanawe, ndani ya nyumba yake, siku ya kwanza.

Tena ulimcheka kwa neno ambalo yeye hakukosea. Kongo bibi ni mke. Wala hawakulizua kule. Waswahili wa pwani walisema bibi kwa maana ya mwanamke wa heshima, mwenye nyumba, na mke, muda mrefu kabla sisi hatujalikabidhi kwa wazee. Wewe ulipoolewa uliitwa nani? Bibi harusi. Nani alikuja akakuambia kwamba bibi harusi ni nyanya wa harusi? "Batoto beko ku masomo" ina sarufi yake, inazungumzwa na mamilioni ya watu kutoka Uvira hadi Lubumbashi, na anayeisema haumwi sikio. Huyu mtu Kiingereza hana bado, Kifaransa chake huku hakina wa kusema naye, na lugha moja aliyobaki nayo nzima ndiyo hiyo ukaitia wino mwekundu. Mimi pia ningelala chumbani.

Na lile la geti halikuwa utani. Sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini, na kutoka ni kwa kibali. Huyo bwana ameishi ndani ya nchi yako miaka 27, karibu sawa na miaka uliyoishi wewe kabla hujaondoka, na yumkini Kasulu mjini aliiona kwa kuhesabu. Morogoro kwake ni jina redioni. Ulipomwambia Tanzania imemlea alikujibu kweli yote kwa maneno matano, bila kukuvunjia heshima, na ingefaa umshukuru kwa adabu hiyo.

Sasa usianze kulia. Huko kwenu wangapi waliosikia tangazo lile wakanyoosha mkono? Wewe ulinyoosha, na miezi saba umekwenda, na theluji ya Februari ikiwemo. Kosa lako ni la kurekebishika.

Kwanza mwangalie baba kwa macho mengine. Anatoka shifti ya usiku. Saa nne asubuhi ya Jumamosi kwake ni usiku wa manane. Kama ni fedheha au ni usingizi unaomweka chumbani, nadhani ni vyote viwili, na cha pili kinampa mlango mzuri wa kukimbia cha kwanza. Muombe radhi, na umuombe yeye, mbele ya wale wale waliocheka. Kisha hamisha somo liwe saa tisa au saa kumi alasiri, akishaamka na kuoga. Unasema alikuwa mwepesi kuliko wote. Bila shaka! Mtu aliyefika ujana Uvira, kama alikaa darasani hata miaka michache, alisoma kwa Kifaransa. Neno kama "important" au "possible" au "table" limeandikwa vilevile katika lugha zote mbili, kinachobadilika ni mdomo tu. Mwandikie maneno ishirini ya aina hiyo kwenye karatasi, umwache ayagundue mwenyewe. Usimsomee. Kaa kimya uone uso wake.

Mama ni habari nyingine, na hapo ndipo umepotea njia, ingawa si kosa lako peke yako. Aliyekupa kitabu cha picha na mafunzo ya jioni moja alidhani unakwenda kufundisha lugha. Wewe umekutana na mtu ambaye tangu ana miaka 12 alikuwa anabeba mtoto badala ya daftari. Yeye hajifunzi Kiingereza tu. Anajifunza kushika kalamu, anajifunza kwamba alama hii ni sauti ile, kwamba macho hutembea kutoka kushoto, na yote hayo kwa lugha asiyoisikia. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea na kufuma kwa wakati mmoja, ndani ya maji.

Kwa hiyo weka kile kitabu kabatini. Mfundishe kusoma Kiswahili. Najua watu watakushangaa. Lakini kusoma hujifunzwa mara moja tu maishani, ukishajua unahamisha, na Kiswahili ni zawadi kwa anayeanza kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ba be bi bo bu. Akishasoma "sombe" mwenyewe kwenye karatasi, atajua siri yote ilivyo. Kiingereza kina herufi zinazokaa ndani ya neno bila kazi kama wageni wa msibani, na si pa kuanzia mtu. Na andika Kiswahili chake, usiandike chako! Akisema "batoto", andika batoto.

Unauliza kama mtu mzima anaweza. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kisomo jioni chini ya mti, akitoka shambani na udongo miguuni. Kanda ya Ziwa walikuwa na vitabu vya kisomo vilivyofundisha kusoma kwa habari za pamba, migomba na ng'ombe, maana mkulima wa pamba anataka kusoma pamba. Mama yangu alianza kusoma akiwa na zaidi ya miaka 40. Barua ya kwanza aliyoiandika ilikuwa ya kumdai kaka yake mbuzi.

Basi pamba ya mama yenu ni nini? Ni risiti ya supamaketi, ni chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, ni karatasi ya shule. Na ni tarehe. Mfundishe kwamba Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 5/11 si tarehe tano. Nikikisia, kwenye karatasi zao nusu ya familia imezaliwa Januari 1, kama wakimbizi wengi ambao tarehe yao haikujulikana siku ya kuandikishwa. Hiyo walau hawawezi kuikosea.

Halafu saa. Ulifundisha somo la saa, ndiyo, lakini ulifundisha namba na yeye namba anazijua. Hakukosea kusoma. Aliambiwa tatu, akaisubiri tatu. Saa yetu inaanza jua likichomoza na yao inaanza usiku wa manane, tofauti saa sita kamili. Nunua saa ya mishale, ya bei ndogo kabisa, uitundike jikoni. Mwonyeshe kwamba sisi tunasoma namba iliyo ng'ambo ya mshale. Mshale mfupi uko kwenye 9, sisi tunasema tatu, maana tatu iko upande wa pili inatazamana nayo. Mmarekani anasoma palepale mshale ulipo. Chora mstari unaokata katikati, 9 na 3, 10 na 4, 8 na 2. Atacheka, na hatasahau. Na yule binti naye afundishwe, maana ndiye aliyetafsiri saa kwa Kiswahili sahihi kabisa akamponza mama yake.

Sasa huyo binti. Ananitia wasiwasi kuliko Kiingereza cha wote. Mtoto anayejua yaliyomo kwenye kila barua, deni la nyumba na maradhi ya mama yake, siku moja huacha kuwa mtoto na hakuna aliyemtangazia. Kuanzia sasa hospitali asitafsiri. Hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na mtoto hatakiwi kutumiwa isipokuwa katika dharura. Mara nyingi mkalimani ni wa kwenye simu, anaongea Kiswahili, dakika mbili tu. Shule nayo ina wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza ambayo mama anapaswa kuijua hata akiamshwa usingizini ni hii: "I need a Swahili interpreter." Achana na "good morning" kwa sasa. Ifanyeni kama mchezo, wewe uwe karani wa mapokezi mwenye haraka na kiburi (nadhani utaimudu), yeye aseme, wewe ujifanye hujasikia, aseme tena kwa sauti.

Kuhusu ile "hujui kitu", usimgombeze mtoto wewe. Siku moja muache atazame mama yake anakufundisha sombe. Jani la kwenye barafu la duka la Waafrika, mawese, ndakala (dagaa wao), na muda wake wa kuchemka. Uandike wewe, ukosee, mama akusahihishe. Binti asimame pale mlangoni aone mwalimu naye hajui kitu.

Mfuko wa barua. Hukukosea kuzisoma, maana shirika lililowapokea kazi yake kubwa ilikuwa siku 90 za mwanzo na baada ya hapo mtu hubaki na mfuko. Ila zisije mwanzoni. Ziwe za dakika ishirini za mwisho, na kila barua mama aitambue kwanza kwa alama ya bahasha, hii ya umeme, hii ya shule, kabla hujaifungua. Mkopo wa ndege hauna riba lakini lazima ulipwe, na baba ndiye awe na faili lake. Simu wapige wao, wewe ukae pembeni. Pesa usikopeshe tena. Waambie, "Mume wangu amekataa," na mumeo abebe hiyo lawama, ndiyo kazi ya waume.

Chakula kula. Ila sema mapema, "Leo naondoka saa kumi na mbili," kisha uondoke saa kumi na mbili, hata kama ni na bakuli mkononi.

Na ile simu ya Kigoma. Umeiandika kama usumbufu wa somo. Saa nne asubuhi ya Iowa ni jioni Nyarugusu, saa ambayo kijana amemaliza shughuli zake. Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, mwezi mmoja kabla wewe hujaingia katika ile nyumba. Kila Jumamosi mama anakaa mbele yako na daftari, akisubiri kusikia kama mwanawe ameambiwa lolote. Halafu wewe unamwuliza mbona hashiki. Mkihamia alasiri, simu itakuwa imekwisha kupigwa. Ukifika, muulize kijana anaendeleaje kabla hujamuuliza kazi ya nyumbani.

Kuacha unaweza. Hujaapa. Ukiona maisha yako hayaruhusu, waambie mwezi mmoja kabla, mlete mwalimu mwingine mkononi, na uendelee kupita hata mara moja kwa msimu, maana hawa wameshaachwa na watu wengi waliokuwa na vitambulisho shingoni. Lakini mimi sikushauri kuacha sasa, kwa sababu bado hujaanza. Mama ana miaka 41, hana msamaha wa umri katika mtihani wa uraia. Akija kuomba uraia baada ya miaka yake mitano atatakiwa kusoma sentensi moja ya Kiingereza kati ya tatu na kuandika moja kati ya tatu. Kwa kusoma na kuandika ni sentensi mbili, mwanangu, na muda mpaka 2028. Barua ya mbuzi ilikuwa ndefu kuliko hapo.

Jumamosi hii nenda alasiri. Usiingie na kitabu. Baba akifungua mlango, msalimie vizuri, kisha umuulize bibi yake yuko wapi.

Shangazi